Niulize Jana Nilikula Mboga Gani

Shabani, mume wangu,

Mume gani wewe? Mwaka mzima umepita hujakanyaga uwanja wa nyumba hii, na Utemini, hapo mjini, siyo ng'ambo. Unapanda gari moja tu, na kabla karanga zako hazijaisha umeshafika Iguguno. Watu wa Mwanza wanapita barabarani hapa kila siku, wanasimama, wananunua kuku, wananipa shikamoo, na wala hawanijui. Wewe niliyekubeba mgongoni, uliyekojolea kanga zangu zote hadi ile ya harusi, habari zako nazipata kwa mama muuza vitumbua. "Bibi, hongera! Nasikia mjukuu wako kapewa umeneja Mbeya, kwenye kampuni ya chakula na dawa za kuku, anaondoka wiki hii." Nikamjibu, ndiyo, najua. Sikujua. Nilisema hivyo nisionekane bibi asiyeambiwa kitu. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na kitumbua changu, hata kukila sikukila.

Ndipo jana ukapiga simu. "Bibi, samahani, mambo yalikuwa mengi. Nipe neno basi. Wewe uliongoza wanawake wa kuku miaka yote ile, mimi sijawahi kuongoza mtu." Nikakwambia nitakuandikia. Ukacheka, maana unajua shule sikuingia. Haya, naandika. Shangazi yako Mwajuma ameshika kalamu, mimi nasema. Leo alasiri anapanda gari kuja mjini, atakukabidhi mkononi kabla basi lako halijaondoka kesho. Kuja mwenyewe siwezi, na sababu nitakwambia huko mbele, usiruke mistari.

Tumeshagombana tayari, mimi na huyu mwandishi wangu. Alianza: "Natumaini u mzima wa afya, nami huku ni mzima." Nikamwambia futa.

"Mama, barua zote zinaanza hivyo."

"Futa. Yeye hajui kama mimi ni mzima, na mimi sijui kama yeye ni mzima. Sasa tunatumaini nini?"

Amefuta kwa kununa. Ukiona palipochafuka hapo juu, ni hapo.

Habari za sweta na blanketi sikuambii. Kwamba Mbeya kuna baridi unalijua, na kama hulijui utalijua ukishuka kwenye basi. Nataka nikwambie kitu kimoja tu, nacho kimenila mimi mwenyewe, kikaila biashara yangu, halafu kikaja kunila pale nilipokuwa sina kinga. Kitu chenyewe ni kuuliza.

Jana nilikuuliza ukifika huko utaanzaje, ukasema utaitisha kikao uwaulize wafanyakazi changamoto zao. Changamoto! Nani katika nchi hii halijui jibu la swali hilo? "Changamoto zipo, bosi, ila tunapambana." Watalisema wote, mmoja baada ya mwingine, na soda zao mkononi. Utaandika kwenye kompyuta yako kwamba mambo yanakwenda. Na yatakuwa yanakwenda kweli, ila wapi hutajua. Na hutakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu uliuliza na ukajibiwa.

Mimi niliuliza hivyo miaka mingi.

Wewe unakumbuka matenga yangu ya kubebea kuku yamepangwa ukutani, ulikuwa unajificha ndani yake ukiogopa kuoga. Lakini hukujua yalivyofanya kazi. Nilianza kwa kuuza kuku wangu mwenyewe pale barabarani, mkono mmoja kuku, mkono mwingine nakimbilia dirisha la basi. Baadaye nikapata wanawake wa kunikusanyia vijijini, hapa kwetu na kule ng'ambo ya mji hadi Sepuka. Siku moja kabla ya mnada nakodi pikapu, nazunguka. Waliniita Mama Kuku. Nikishuka tu wananipigia goti.

"Shikamoo Mama Kuku!"

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Kuku wazima?"

"Wazima, mama."

Haya, pakia. Nilidhani nauliza. Kumbe nilikuwa nasalimia tu. Na wewe unajua kwetu salamu inavyojibiwa. Mtu amezika jana, unamuuliza habari za nyumbani, anasema nzuri. Anasema nzuri kwanza, halafu, kama una muda wa kukaa, kama hukugeuza macho, ndipo anasema, "ila tu tulipata tatizo dogo." Tatizo dogo lenyewe ni mama yake. Sisi hatusemi uongo. Tunampa mtu nafasi ya kuondoka kama hataki kubeba mzigo. Na mimi niliondoka kila mara, kwa sababu pikapu ilikuwa inaunguruma.

Kiangazi kimoja nilifika Sepuka nikakuta kuku wametulia. Tenga zima huna haja ya kulipigania, unawaingiza kama unaingiza mahindi kwenye gunia. Nikasema kwa sauti, "Leo kuku wa Sepuka wana adabu!" Wanawake wakacheka. Nikacheka. Mama Salehe, aliyekuwa kiongozi wao pale, alicheka akiangalia chini.

Mdondo, Shabani. Kuku wana mdondo na mimi nawasifia adabu. Wakati huo hatukuwa na hii chanjo ya matone mnayouza ninyi. Nikawachanganya na wa vijiji vingine, gari likaenda. Wengi walifika wamekufa. Waliobaki nani angenunua, na mabawa yamelegea vile? Ningeishia hapo ingekuwa hasara yangu tu. Lakini matenga matupu niliyarudisha hapa nyumbani, nikawagawia wanawake wa hapa kama kawaida, na kinyesi cha kijani kimekaukia kwenye fito. Nikaupeleka ugonjwa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa mikono hii.

Wewe ulikuwa mdogo, lakini labda unakumbuka asubuhi ile. Hakukuwika jogoo hata mmoja. Si kwetu, si kwa jirani, si ng'ambo ya barabara. Ulikuja kitandani kwangu ukaniuliza, "Bibi, leo kutakucha?" Nilikushika nikakufunika shuka. Katika mambo yote niliyoulizwa mwaka ule, na watu walikuja wengi, wenye hasira na wenye pole, hakuna aliyeuliza swali kama lako. Wewe uliuliza kwa sababu hukujua na ulitaka kujua. Ni hicho tu. Mtu mzima akishaitwa mama au bosi, kitu hicho kinamtoka bila yeye kuhisi.

Nilirudi Sepuka nimewaka. Nilimkuta Mama Salehe anapepeta.

"Mama Salehe, mlijua?"

"Tulijua, mama."

"Mkaniambia wazima!"

"Ulituuliza wazima."

"Kwa hiyo mkaona bora mniue?"

Akaweka ungo chini. Alikuwa mdogo kwangu, hakuwa amewahi kuniangalia usoni. Siku ile aliniangalia.

"Mama, uliuliza huku unafunga tenga. Mtu anayefunga tenga hataki kusikia kuku anaumwa. Anataka kamba, tukakupa kamba."

Nikasema, "Ungenishika mkono basi. Ungesema."

"Nilisema, mama. Msimu wa nyuma. Nilikwambia hawa wangu wawili wamezubaa. Umesahau?" Kweli nilikuwa nimesahau. "Ulisema mbele ya watu wote, basi baki nao wote. Ukapita mlango wangu msimu mzima. Watoto wangu wakisikia gari lako walikuwa wanakimbilia barabarani, gari halisimami. Wenzangu wote waliona. Wewe ulidhani unanifundisha mimi."

Hapo Mwajuma ameacha kuandika, anataka kujua kama ni kweli nilifanya hivyo. Nilifanya. Kila mtu Sepuka anajua. Na sikumfanyia kwa ubaya, nilikuwa nalinda mzigo wangu. Ndiyo maana nakwambia wewe, mwenye moyo laini. Hutajiona unafanya vibaya. Kijana wako wa stoo atakuja kukwambia mifuko imelowa, nawe una njaa, una simu sikioni, utasema, "Sasa mnalindaje stoo ninyi?" Maneno machache tu. Hutayakumbuka kesho. Yeye na wenzake watayakumbuka kila watakapoona mfuko uliolowa, na watausukuma nyuma ya mikavu.

Baada ya hapo nilibadilika, au nilijaribu. Matenga nikawa nayaacha kwenye gari. Nakaa. Nikiletewa kigoda nakaa kweli, si nusu ya tako. Na swali nililipata kwa bahati, wala si kwa akili. Tulikuwa kijiji kingine, nimekaa na bibi mmoja mkongwe kuliko mimi, napiga soga tu. Nikamuuliza, "Bibi, jana mlikula mboga gani?" Akafurahi sana. "Kuku! Na juzi kuku! Na leo naona manyoya tena kule nyuma!" Mkwewe akawa anatafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

Wewe ni mtoto wa huku, huna haja ya kufafanuliwa. Nyumba isiyo na mgeni, si Idd, si harusi, inakula kuku siku mfululizo? Kwetu mlenda ndiyo mboga. Watu wanawahi kuchinja anayeumwa kabla hajafa mwenyewe. Nilimrudishia kigoda chake bibi yule, nikamshukuru, gari likageuka tupu.

Basi nikalifanya hilo swali langu. Kila nilikokwenda, jana mlikula mboga gani. Uzuri wake nini? Mtu anaweza kulijibu bila aibu. Kula kuku si kosa. Hamsaliti jirani, hajitangazi kwamba kuku wake wamekufa, hakuvunji moyo wewe mkubwa wake. Anasema alichokula tu, na ukweli unatoka bila kumgharimu. Mjini kwenu nasikia mnafundishana kuuliza maswali magumu. Mimi nilitafuta maswali rahisi, ila yale ambayo "nzuri" haikai ndani yake. Huwezi kujibu "nzuri" ukiulizwa mboga. Muulize dereva wako jana alilala wapi. Muulize wa stoo leo asubuhi alianza kushika nini. Muulize ukiwa umekaa, funguo za gari ziko mfukoni, halafu unyamaze. Huko kunyamaza ni kugumu kuliko swali. Mimi nilikuwa nang'ata upindo wa kanga.

Lakini usifikiri nimemaliza, ukaandika pembeni "mboga" ukaona umekuwa bingwa. Swali linachakaa. Wanawake wale si wajinga. Msimu uliofuata nilifika Sepuka nikauliza, wakajibu wote kwa pamoja, "Mlenda!" Kijiji kizima, kama kwaya. Nikacheka hadi machozi, nao wakacheka. Tulipomaliza kucheka Mama Salehe akasema, "Mama, usituzunguke. Wewe tuambie kwanza: tukisema kuku, utatufanya nini?"

Shabani, hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia katika biashara, na sikuliuliza mimi. Niliulizwa. Na ilinibidi nijibu mbele yao wote, na mimi sikuwa nimejiandaa. Nikasema, atakayesema kuku sitapita mlango wake. Nitashuka, nitakaa, tutachoma waliokufa pamoja, na akianza upya na vifaranga nafasi yake ipo, hapewi mtu mwingine. Wakaniangalia tu. Hawakuamini, na walikuwa na haki. Ilibidi nifanye kwanza. Mama Salehe ndiye aliyejitoa kunijaribu. Nilikaa kwake siku nzima na moshi machoni.

Ukapita muda ikawa nikikaribia vijiji nasikia wananipigia kelele kutoka mbali, "Kuku, mama! Kuku! Usishushe matenga!" Nageuza gari. Watu waliniona kama kichaa, mwanamke anafukuzwa na wanawake wake mwenyewe naye anapunga mkono anacheka. Sijawahi kuwa kiongozi kuliko siku zile nilizofukuzwa.

Ningeweza kuishia hapa, na wewe ungepata neno lako, ungelala vizuri kwenye basi. Mwajuma anasema niishie hapa. Anasema karatasi zinaisha. Karatasi ziko tele, naziona.

Baba yako.

Unajua alikuwa safarini na maroli yake, na mama yako alitangulia wewe ungali mchanga, ndiyo maana ukawa wangu. Alikuwa ananipigia kila baada ya siku chache kutoka njiani huko. "Mama, shikamoo." Marahaba mwanangu, hujambo? "Sijambo." Kazi? "Nzuri." Umekula? "Nimekula, mama." Haya, Mungu akulinde. Na mimi naweka simu chini nimeridhika. Mimi! Mwanamke aliyejua kuuliza, niliyekuwa nageuza magari kwa neno la bibi kikongwe. Kwa watu wa kuku nilikuwa nakaa kwenye kigoda. Mwanangu nilimuuliza huku nafunga tenga.

Mara ya mwisho alipokuja nilimwona anasogeza ugali kwenye sahani, anaupanga, anaupangua. Mkanda amejitobolea tundu jingine. Nikajikaza. Nikamuuliza, "Hamisi, jana ulikula mboga gani?"

Akacheka. Lile cheko lake unalijua, unalo wewe. Akasema, "Mama, mimi si mmoja wa wanawake wako wa kuku." Akaninyang'anya swali langu, akalikunja akaliweka kando, akaniuliza habari za mvua. Nami nikamjibu habari za mvua. Tuliongea mvua, Shabani. Tuliongea mvua na mtu ana maradhi ndani yake ya siku nyingi, yanamla, anayajua, na hospitali alishakwenda bila kumwambia mtu. Tulikuja kuambiwa na turnboy, utingo wake, msibani.

Silii kwa sababu sikujua. Hayo yamepita. Nalia kwa sababu hata leo, nikilala nikilirudia, sijui ningeuliza vipi. Mama Salehe aliniuliza utatufanya nini tukisema, nikamjibu. Baba yako hakuniuliza. Angeniuliza ningemjibu nini? Kwamba sitalia? Ningelia. Kwamba ningemponya? Na nini? Alikuwa ananificha machozi yangu mwenyewe. Kwa hiyo nakupa wewe hili neno la uongozi, nalo lina tundu katikati, na sina kiraka.

Sasa wewe.

Mara ya mwisho ulipokuja, mwaka huo uliopita, ulilala hadi jua la saa nne. Mtoto niliyemlea mimi, unayeamka kabla ya adhana. Nilipita mlangoni kwako mara kadhaa. Unajua kuku anayeumwa anavyojulikana? Wenzake wameshashuka wanachakura, yeye bado yuko juu kwenye fito, macho wazi, hajalala, ila hashuki. Niliona miguu yako kupitia pazia. Ulikuwa macho. Nikakuletea chai, ikatengeneza utando juu, ukaondoka ukaiacha. Kuanzia siku ile hujaja. Kwenye simu ni "nzuri, bibi, mambo mengi tu." Halafu mama muuza vitumbua ananiambia umekonda. Halafu unapata kazi mbali kuliko zote, na badala ya kufurahi unasema kwa sauti ile ile ungesema mvua imenyesha.

Sijui una nini. Nimejaribu kukisia. Nimekisia mwanamke, nimekisia ugonjwa, nimekisia kazi ya mjini kwamba kuna jambo lilitokea pale. Nimemtuma Mwajuma achunguze, samahani, amerudi mikono mitupu. Na usiku huu wa leo utafunga begi lako, kesho utakwenda mbali ambako hata wa kuniambia umekonda hayupo. Na mimi siwezi kukushika. Hata nikisimama katikati ya lami basi lako halipiti huku.

Na sitakuuliza. Hapa kwenye karatasi sikuulizi. Barua haikai kwenye kigoda, haioni mikono yako, na nikikuuliza kwa simu utanijibu salamu. Nimebaki na jambo moja tu ninaloliweza, nalo ni lile nililotakiwa kulifanya kwa baba yako: kujibu mimi kwanza, bila kuulizwa.

Mwajuma anatikisa kichwa. "Mama, tulikubaliana tusimwambie. Anasafiri."

"Andika."

"Mama."

"Andika, Mwajuma, au nimwite mama muuza vitumbua aje aandike yeye, na Iguguno yote isikie."

Anaandika. Shabani, bibi yako si mzima. Kiangazi nilianguka bafuni. Nyonga. Nilikuambia shangazi yako amekuja kutembea. Hajaja kutembea, amehamia, ananishika mkono hadi chooni. Jicho la kushoto limefunga, la kulia naona watu kama wako nyuma ya moshi. Kuku wote nimegawa, kwa sababu siwezi tena kujua asubuhi nani kashuka na nani hajashuka. Kila ulipopiga simu uliniuliza, "Bibi hujambo?" nikasema sijambo mume wangu, kula ushibe. Nilikuwa nakuficha. Baba yako ule ujanja hakuuokota njiani. Aliuona kwangu.

Na nikuambie jingine, ambalo Mwajuma hakulijua hadi dakika hii, na sasa analia juu ya karatasi, utasamehe wino. Naogopa. Siogopi kufa, hilo ni la wote. Naogopa utaketi huko kwenye kiti chako kikubwa, watu wanakuambia nzuri bosi, nawe unaniambia mimi nzuri bibi, na mimi nakuambia nzuri mume wangu, na siku moja tutakutana wote msibani tuambiwe na turnboy.

Basi. Nimesema kuku. Jana nilikula kuku, juzi kuku, na leo manyoya yako nyuma ya nyumba. Na wewe ukiulizwa utanifanya nini, najua hujui. Huwezi kunirudishia jicho. Mimi pia sijui nitakufanya nini ukinijibu. Labda nitalia, na utalazimika kunivumilia. Siwezi kukuahidi dawa. Ninachoahidi ni kile nilichowaahidi Sepuka, kwamba sitapita mlango wako. Hata kama umefanya kosa, Shabani. Hata kama ni aibu. Hata kama umefukuzwa mahali na hii ya Mbeya ni kukimbia. Nafasi yako ipo, hapewi mtu mwingine.

Mwajuma anasema gari limeshapiga honi barabarani. Atakuletea na kuku wa kukaanga, ule njiani, usigawe basi zima. Huyo alikuwa mzima, mwenye naye ameniapia, alikuwa wa kwanza kushuka asubuhi.

Ukija, na uje kabla mvua hazijakata barabara, pita mlango wa jikoni maana mbele siwezi kufika haraka. Shikamoo utanipa, hilo halina mjadala, nami nitakujibu marahaba. Halafu uvute kigoda, kiko nyuma ya mlango, ukae karibu upande wa kulia ambako bado naona. Usiniulize hujambo. Niulize jana nilikula mboga gani, nikujibu. Nami nitakuuliza wewe. Ukisema mlenda nitakushika mikono nijue mwenyewe kama ni kweli. Ukisema kuku, usiongeze neno. Mwajuma atafunga mlango wa mbele, na siku hiyo hakuna atakayetoka wala kuingia humu hadi uwe tayari.

Bibi yako,
mke wako mkubwa